Meno Hayana Upande wa Tatu

Kila alfajiri Baba aliipaka cheni mafuta, akaifuta kwa kitambaa, akafunga kreti la mikate nyuma ya baiskeli na kuondoka akipiga mluzi. Siku hiyo mluzi ulikatikia getini. Alikanyaga pedali, cheni ikaruka, ta! ta!, goti likagonga usukani na mikate ikamwagika.

Bintiye kitindamimba alitoka mbio, mkono mdomoni. Jana jioni, Baba akiwa bafuni, ni yeye aliyeitoa cheni kuukuu na kufunga mpya. Alidhani atamfurahisha.

"Nani kaichezea baiskeli yangu?"

"Mimi, Baba. Nisamehe."

Baba hakugomba. Afadhali angegomba. Aliokota mikate mmoja mmoja, akapangusa vumbi kwenye mifuko ya mikate hiyo, kisha akaikokota baiskeli hadi kwa Fundi Spoku. Binti alifuata nyuma, kreti kichwani na cheni kuukuu mkononi.

Fundi aliizungusha pedali kwa mkono, akaangua kicheko. "Nani kamwozesha bi harusi huyu kwa kibogoyo?"

Akawaonyesha. Meno ya gia zinazoshika cheni, ya mbele na ya nyuma, yalikuwa yamelika hadi yakachongoka kama ndoana. "Cheni na meno huzeeka pamoja. Cheni ikirefuka, meno nayo hulika kuifuata. Ukileta mgeni, hawaelewani."

"Basi yageuze hayo ya mbele," Baba alisema. "Si uliyageuza mwaka juzi?"

"Ndiyo hayo hayo, mzee wangu. Pande zote mbili zimekwisha. Wa tatu niutoe wapi?"

"Basi turudishie cheni ya zamani."

"Nitairudisha, na utaondoka nayo. Lakini iko siku itakukatikia mlimani, na mzigo mgongoni mwa baiskeli. Ushauri wangu, acha cheni mpya, tubadilishe meno yote."

Baba alimgeukia bintiye. Sauti yake haikupanda. "Ndicho unachotaka, siyo? Leo cheni, kesho meno, keshokutwa baiskeli yenyewe. Mwisho uniweke kabatini na vyombo vya wageni. 'Baba, umri huo. Baba, pumzika.' Unadhani sisikii?"

Ni kweli binti aliyasema maneno hayo. Tangu utotoni alikuwa hivyo: neno lenyewe likimkwama kooni, alitoa lililo jirani nalo. Aliyatazama mafuta meusi yaliyoganda chini ya kucha zake. Fundi alikumbuka ghafla kwamba kuna spana aliiacha nyuma ya banda, akaenda kuitafuta.

"Sikumaanisha hivyo, Baba."

"Ulimaanisha nini?"

Baba aliweka kiganja juu ya tandiko.

"Naogopa," binti alisema. "Ukichelewa kidogo tu nasimama dirishani, chai inanipoea mkononi. Sitaki uache baiskeli, Baba. Nataka kila siku urudi."