Mashati ya Patient

Kaka yangu Patient alipotea mwaka 1996, mimi nikiwa bado mgongoni mwa mama. Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo alivyoambiwa mama mwenyewe. Vita vilipofika Uvira, mashariki mwa Kongo, watu walikimbilia kusini kwa barabara ya Baraka. Risasi zikalia katikati ya msafara, umati ukakatika. Mama akasukumwa upande wa ziwa. Baba, akiwa amemshika Patient mkono, akapanda milimani. Walipokutana tena Baraka, baba alikuwa peke yake.

"Alinichomoka mukononi," alimwambia mama. "Bantu balikuwa mingi. Nilimutafuta, sikumuona."

Patient alikuwa na miaka minne. Mama alitaka kurudi kumtafuta, wakamshika kwa nguvu. Tulivuka ziwa, tukakaa Tanzania, na baada ya miaka kadhaa tukafika Uganda na kupewa kiwanja Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Baba yangu, Déo, alilima maharage na mahindi. Mama, Perpétue, alikuwa amefundishwa kushona na masista tangu usichana wake, akawa fundi wa kijiji chetu kwa cherehani ya mkono ya kuazima. Lakini hakuna aliyemwita Perpétue. Alikuwa Mama Patient, na baba alikuwa Papa Patient, na yeyote aliyejaribu kumwita Mama Vanessa, kwa jina langu, alisahihishwa papo hapo.

"Mutoto wangu wa kwanza iko hai," mama alisema. "Siwezi kubadilisha jina."

Noeli yetu ya kwanza Juru, alimshonea Patient shati. Kitambaa kilikuwa kipya, cha dukani, si mtumba. Ili apate kipimo alimwita Nehemiya, mtoto wa jirani yetu Mukandoli, ambaye alizaliwa mwaka mmoja na kaka yangu. Akampima mabega, mikono na kifua, huku Nehemiya akicheka kwa sababu tepu ilimtekenya. Ndani ya kola mama alitarizi herufi P kwa uzi mwekundu. Shati likawekwa sandukuni kumngoja mwenyewe.

Noeli iliyofuata alishona jingine, kubwa zaidi, na lile la zamani akampelekea mtoto wa kijijini ambaye lingemtosha. Alilikunja vizuri, akaweka juu yake mkate alioupika ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, akabisha hodi. "Ni zawadi ya Patient," aliwaambia wenye nyumba. Ikawa desturi. Watoto wa Juru walianza kuulizana mapema, Desemba ikikaribia, shati la mwaka huu litamwendea nani.

Mimi nilivaa mitumba. Mama hakuwa mkatili. Gauni langu lilipochanika alilishona, likinipwaya alilipunguza kiunoni. Lakini kitambaa kipya kilikuwa cha Patient.

Baba alimsaidia. Nakumbuka akiwa ameshika ncha ya tepu, mama akimuuliza kama mtoto wake angekuwa na mabega mapana kama yake.

"Ongeza kidogo," baba alisema. "Kwetu batoto banapanukaka mapema."

Akaachia tepu, akatoka nje, akaenda kusimama penye baiskeli yake kama mtu anayetaka kusafiri. Nilidhani ni huzuni tu.

Mwaka 2008 wakaja wakimbizi wengine kutoka Kongo. Kati yao alikuwa mwanamume aliyeitwa Appolinaire, mtu wa kwetu Uvira. Baba alikutana naye nje ya kanisa baada ya misa. Appolinaire akamkumbatia, akalia, na mama alipoona hivyo akamkaribisha nyumbani Jumapili ile ile. Nilimwona baba akisita. Alisema mgeni amechoka, aje siku nyingine. Mama alikuwa tayari amekwenda kuwasha makaa.

Tulikaa mezani sisi wanne, chai ya maziwa na mkate wa moto mbele yetu. Appolinaire alikula kwa shukrani kubwa, akamsifu mama, kisha akaliona shati lililokuwa limeanzwa juu ya cherehani. Akauliza ni la nani.

"Ni ya Patient," mama alisema. "Mutoto wetu wa kwanza."

Uso wa Appolinaire ukalainika. "Ah. Kumbe mulizaa mwingine mukamupa jina ya marehemu. Ni vizuri, Mama. Ule wa kwanza aliniumiza sana. Déo, unakumbuka ile udongo? Mawe tupu. Tulichimba na panga mupaka ikavunjika."

Baba aliweka kikombe chini. Chai ilimwagika kidogo juu ya meza na hakuna aliyeifuta.

"Mulichimba nini?" mama aliuliza.

Appolinaire alimtazama baba, akamtazama mama, akaelewa amefanya nini. Aliinuka, akasema, "Munisamehe, sikujua," akatoka bila kofia yake.

Mama hakupiga kelele. Aligeuza kiti, akakaa uso kwa uso na baba, akamwambia aseme.

Baba alisema. Kule milimani Patient alianza kuhara na kutapika. Maji hayakuwapo, dawa hazikuwapo. Alifia mikononi mwake, na yeye na Appolinaire wakamzika kilimani, upande wa juu wa barabara, wakakimbia tena, kila mmoja njia yake, kwa sababu risasi zilikuwa zinakaribia.

"Nikakufikia kule Baraka," alisema, "ukakuwa umesimama njiani, unaangalia nyuma yangu, unamutafuta. Kinywa ikakataa."

"Siku ile ilikataa. Na hii miaka yote?"

"Ulikuwa haukule, Perpétue. Ulianza kula wakati ulianza kushona. Ningekuambia nini?"

"Ungeniambia amekufa, nimulilie!" Hapo sauti yake ikapanda. "Ulinishikia tepu, Déo. Ulisema niongeze mabega. Mabega ya nani?"

Baba alifunika uso.

"Mulimuzika fasi gani?"

"Juu ya barabara. Karibu na kamuto kamoja."

"Kamuto gani? Kilima gani?"

"Sijui. Tulikuwa tunakimbia. Sijui."

Akarudia hilo neno mpaka mama akamwambia anyamaze.

Wiki ile tulikaa matanga. Majirani walileta kuni na unga, wakaketi nasi kwa heshima, lakini kilio hakikuja. Karibu wote walikuwa hawajawahi kumwona Patient. Hata mimi sikumkumbuka. Wanawake waliimba nyimbo za msiba, na baada ya muda walijikuta wakizungumzia mvua. Mama alituangalia sote kama watu waliokosea nyumba. Padre alimwombea Patient misani, akamtaja katikati ya marehemu wengine. Mama aliniambia baadaye kwamba alilisikia jina la mwanawe likipita haraka, na kabla hajalishika likawa limekwisha.

Kilichomshinda kabisa ni mashati. Aliyaona kila mahali. Mtoto mmoja alilivaa akichota maji kwenye kisima cha pampu, mwingine akichunga mbuzi, mwingine alikuwa amemrithisha mdogo wake. Jumapili moja asubuhi mama alichukua kikapu akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiyadai. Nilimfuata nikimsihi arudi. Wengine walitoa bila neno. Wengine walimkasirikia. Mukandoli, aliyekuwa rafiki yake wa siku zote, alisimama mlangoni.

"Mama Patient, uliitoa kwa mapendo. Hii ya Nehemiya njo moja tu anavaaka kanisani."

"Nipatie."

Nehemiya alikuwa nyuma ya mama yake. Alikuwa kijana sasa, na mabega yake yalikuwa yamepanuka kweli. Alivua shati bila kuambiwa, akampa, akabaki kifua wazi mbele yetu. Nilitumaini mama angemrudishia. Alilitia kikapuni.

Nyumbani alikaa na wembe, akakata uzi mwekundu kola moja baada ya nyingine, akauchomoa. Kazi ilimchukua siku nzima, hakula. Kesho yake akayarudisha mashati yote kwa wenyewe, bila mkate, bila salamu ndefu. Mukandoli alijaribu kumshika mkono, mama akauondoa polepole.

"Usiniite tena lile jina," alimwambia.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilidhani sasa atakuwa Mama Vanessa. Hakutaka hilo pia. Nilipomletea kipande cha kitambaa nikamwomba anishonee gauni la Noeli, alikipapasa, akanirudishia. "Mikono haitaki, mwanangu." Noeli ile hapakuwa na shati Juru, wala mkate.

Mwaka uliofuata aliondoka kwenda mjini Mbarara. Alipata kazi Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, kwa mama mmoja Mnyankore aliyeshona sare za shule. Mama huyo alimuuliza jambo moja tu: "Nyabo, unaweza shona shati ya watoto?" Mama akasema anaweza. Alishona mashati meupe, mamia kwa mamia, namba ndogo, namba ya kati, namba kubwa, kwa ajili ya watoto asiowajua. Nilimuuliza kama haimuumizi. Alisema hapana, haya hayamsubiri mtu. Nilibaki Juru na baba, nikawa namtembelea wakati wa likizo.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, nilimpeleka Nyamitanga. Majirani wa mama, wasiojua habari zake, walisema bibi mshonaji bila shaka ameandaa blanketi la vipande vipande la mjukuu. Mama alimpakata mwanangu, akamnusa kichwa, akanirudishia. Alikwenda sokoni akanunua blanketi la dukani, bado limo kwenye nailoni.

"Hili likiisha utanunua lingine," aliniambia. "La kushona nikianza, nitaanza kuogopa."

Mwaka 2015 baba aliuza mahindi yake, akarudi Kongo kukitafuta kile kijito penye kaburi la Patient. Nilimkataza, akasema hana kitu kingine cha kumpa mama. Alikaa huko karibu mwezi. Aliporudi hakupitia Juru. Alikuja moja kwa moja Nyamitanga, viatu vimejaa vumbi, na alinikuta huko na mtoto.

Mama alimpa kiti nje ya duka la sare alimoshonea. Walikuwa hawajaonana muda mrefu. Alimpa maji, akangoja amalize.

"Ulipaona?"

"Sikupaona. Tumito ni mingi kwenye vile vilima. Fasi ingine bamelima mihogo, ingine bamejenga. Niliuliza wazee. Hakuna mwenye anajua." Alifungua mikono yake, mitupu. "Sitaki kukudanganya tena."

Mama alichukua kikombe kitupu cha maji.

"Hii mara ungenidanganya, Déo," alisema. "Ungeniambia uliona musalaba. Ningeamini."

 Baba alimchukua mjukuu wake magotini, akamshika mpaka gari la kwenda Nakivale lilipokaribia kuondoka. Mama hakumwambia abaki. Alimsindikiza mpaka ukingo wa barabara, akarudi ndani. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na kazi ilikuwa nyingi.