Zamu ya Kufunga Isale

Siku marehemu wa Zita walipofika kwa mara ya kwanza, Mektrida alikuwa jikoni akimenya ndizi za mtori. Mbwa hakubweka. Aliinua macho akaona mwanamume, bibi kizee na watoto wawili wa kike wamesimama mlangoni na nguo za Jumapili, wamejaa vumbi jekundu la matofali kuanzia nywele hadi viatu. Akamwuliza Zita kama ni wake. Zita akasema ni wake. Mektrida akaongeza ndizi.

Zita alikuwa Mnyarwanda. Masista waliomficha wakati wa mauaji ndio waliomleta Mrereni, kijiji cha migomba na kahawa juu ya mji wa Moshi, wakatafuta mtu wa kumpokea. Mektrida alikuwa mjane, na wanawe walikuwa Dar es Salaam, ambako waliona hata kuja Krismasi ni mbali. Akampa Zita chumba cha uani. Hakumwuliza habari zake, akingoja azilete mwenyewe, na sasa zilikuwa zimekuja kwa miguu.

Yule mwanamume alikuwa mumewe, Anselmi. Kizee alikuwa mamake Anselmi. Watoto walikuwa Beata na Odeta. Odeta, yule mdogo, alikuwa bado hajang'oka jino hata moja la utoto. Walikuja kila jioni ng'ombe wakishapewa majani, wakakaa kwenye benchi. Hawakula, ila bakuli zao zilipoa kabla ya nyingine. Rozari iliposaliwa hawakuitikia. Mektrida hakuona sababu ya kuwasema kwa hilo, maana walikuwa wameuawa kanisani.

Majirani waliwazoea upesi. Justina wa nyumba ya juu aliwaangalia siku mbili tatu kupitia ua, kisha akasema ni watu watulivu kuliko wakwe zake walio hai.

Msimu wa kahawa Fabian akafika. Siku zile serikali ilikuwa imeshawaruhusu wanunuzi binafsi, na Fabian alijenga banda karibu na njia ya kanisani, akaweka mizani. Alisema ametoka Ngara. Alilipa papo hapo, wala hakumwambia mtu arudi wiki ijayo. Alisaidia bati za darasa la katekisimu. Aliwaamkia wazee shikamoo hata kama walikuwa wamelewa. Akiingia nyumba ya mtu, alipanguza miguu mlangoni mpaka mwenye nyumba akaona haya kwa sakafu yake ya udongo.

"Huyo ndiye mtu," walisema. "Anapanguza miguu!"

Zita alimwona siku alipopeleka kahawa ya Mektrida. Alikuwa amebeba gunia kichwani, na marehemu wake walikuwa wametoka mapema siku hiyo, wakimfuata nyuma. Fabian alimtazama, akawatazama wale wanne, akasema, "Karibu, mama," akapokea gunia na kulipima vizuri bila kuiba. Zita akarudi peke yake. Marehemu wake walibaki bandani, wamesimama kandokando ya mizani.

"Ni yeye," Zita alimwambia Mektrida. "Alikuwa jirani yetu. Ndiye baba wa ubatizo wa Odeta."

"Una hakika, mwanangu?"

"Kule pia alipanguza miguu. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi, alikuwa na panga mkononi, kumetapakaa damu iliyomwagwa na wenzake waliotangulia. Akapanguza miguu, ndipo akaingia."

Mektrida akafanya ishara ya msalaba. Kesho yake habari ilikuwa kijiji kizima, na kijiji kizima kiliisadiki. Hilo lazima lisemwe kwa haki yao: hakuna mtu wa Mrereni aliyemwita Zita mwongo. Marehemu walikuwa wamesimama pale mchana kutwa, na kila aliyeleta kahawa aliona macho yao yanamtazama nani. Watu waliwapisha kwa adabu, wakaweka magunia yao kwenye mizani. Binadamu akishapata bei nzuri, macho yake hujifunza heshima.

Zita alishuka Moshi kwa askari. Askari akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mahakamani Arusha wanashitakiwa wakubwa, mama. Huyu wako ana mizani tu." Alimwambia padre. Padre akasema ataliombea, na kweli aliliombea.

Jambo lingeishia hapo kama si vumbi. Lile vumbi la matofali lilidondoka kutoka kwenye nguo za marehemu bila kwisha, likatanda bandani, likaingia kwenye kahawa. Wakubwa wa Fabian mjini wakaanza kulalamika kwamba kahawa ya Mrereni ni nyekundu. Bei ikashuka. Ndipo wanaume wa Mrereni walipogundua kwamba pale kijijini kulikuwa na jambo zito lisilovumilika mbele za Mungu.

Wakamwendea mzee Ndelilio, Meku kwa Kichaga, msimamizi wa maji ya mfereji, ambaye ndiye aliyejua mila. Ndelilio akamwambia Fabian achume jani la isale.

Kila Mchaga anajua. Isale ni ule mmea unaopandwa mpakani na makaburini, na mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, huwezi kumkatalia msamaha. Ukikataa, laana inakugeukia wewe. Mila hii imezima ugomvi mwingi wa ng'ombe na mipaka. Nzuri sana. Hakuna aliyefikiri kuuliza kama wazee walioiweka walikuwa wamewaza kanisa lililojaa watu.

Walifika kwa Mektrida Jumamosi jioni. Ndelilio mbele, Fabian nyuma yake na jani mkononi, na wengine wengi waliokuja kushuhudia, maana mbuzi alikuwa ameshanunuliwa, na alikuwa motoni kule bandani. Fabian akapanguza miguu.

"Mama Beata," alisema, "wakati ule kulikuwa na fujo. Mambo yalitokea." Akanyoosha jani.

Zita hakutoa mikono chini ya khanga.

"Yalitokea yenyewe?" aliuliza.

Fabian akamtazama Ndelilio.

"Isale haliulizi kosa," Ndelilio akasema. "Linapokelewa, basi."

"Meku, mimi si Mchaga."

"Unakula ndizi za Mchaga," akasema mtu nyuma, na watu wakacheka kidogo.

Justina akasogea. "Na wewe Mama Beata! Kwani ukipokea unapungukiwa nini? Jani tu! Sisi kahawa inatuozea."

"Kahawa yenu ina vumbi," Zita alisema. "Wangu ndio wanaolitoa. Nendeni mkawaombe wao."

Alilisema kwa hasira, lakini Ndelilio alikuwa mtu wa kutumia neno lolote aliloangushiwa. Akainamisha kichwa, akafikiri, akasema mama amenena vema, aliyekosewa hasa ni marehemu. Wote wakaondoka kwenda bandani, na Zita akawafuata akikimbia.

Walianza na Anselmi. Fabian akampa jani, vidole vya Anselmi havikufumba, jani likaanguka. Ndelilio akaliokota, akalipuliza vumbi. Wakampa kizee. Likaanguka. Wakampa Beata, naye akaweka mikono nyuma kama mtoto aliyefundwa asipokee vitu vya watu. Kelele zikapungua. Mtu mmoja akasema mbuzi anaungua.

"Mdogo," akasema Ndelilio.

Odeta alikuwa na mikono midogo, wazi, inayoning'inia. Ndelilio akachuna kamba ya mgomba, akaliweka jani la isale kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, akazungusha kamba, akafunga. Jani halikuanguka.

"Amepokea," akasema.

Zita alipiga ukelele mmoja. Wanawake wakamshika, wakampa pole, wakamwambia yamekwisha. Fabian akalia machozi ya kweli. Watu walioyaona wanasema hayakuwa ya kuigiza. Aliwakumbatia wazee, akakata nyama ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe, na pombe ya mbege ikatembea. Jumapili padre alihubiri juu ya amani, akawataja watu wa Mrereni kuwa mfano.

Vumbi halikukoma. Fabian akanunua turubai la kufunikia kahawa, na bei ikarudi pale ilipokuwa mwanzo.

Marehemu walibaki bandani. Watu walizidi kuwazoea, mpaka siku moja Mektrida akakuta mtu ametundika koti lake begani kwa Anselmi ili ainue gunia vizuri. Kila jioni Zita alikwenda akalifungua lile jani mkononi kwa Odeta, akalitupa. Wazee wakaona hilo ni hatari, kwa sababu amani iliyofunguliwa si amani. Kila asubuhi ikabidi jani jipya lifungwe. Mwanzoni alifunga Ndelilio mwenyewe. Kisha mgongo ukamuuma, wakaitana, wakafanya kama wanavyofanya kwa maji ya mfereji tangu enzi za mababu: wakapanga zamu, nyumba kwa nyumba. Asiyefunga siku yake, maji hayataingia kwake, na mizani haitamwona.

Watu walifunga. Mwalimu alifunga, fundi cherehani alifunga, Justina alifunga huku akimwimbia mtoto wimbo wa Bikira Maria. Hakuna aliyekuwa na chuki. Ilikuwa kazi ya dakika moja, na mtu akitoka hapo alipitia dukani.

Zamu ikashuka mpaka kwa Mektrida. Usiku wa kuamkia siku hiyo alisali sana. Aliwaza ng'ombe wake wawili na mfereji, aliwaza kahawa iliyokuwa juu ya kichanja, aliwaza kwamba asipofunga yeye atafunga mwingine kwa mkono mgumu zaidi. Asubuhi alichuma jani zuri, changa, lisilo na doa. Bandani akapiga magoti mbele ya Odeta, akamwambia, "Samahani, mjukuu wangu," akafunga. Alifunga fundo jepesi, la kuvutwa kwa kidole kimoja, ili Zita asipate shida. Akarudi nyumbani moyo umetulia, karibu na furaha, kama mtu aliyetoka kuungama.

Jioni Zita alirudi na lile jani mkononi. Siku zote alikuwa akilitupa njiani. Alilitazama, kisha akamtazama Mektrida aliyekuwa akiwasha taa.

"Leo lilikuwa lako, mama."

"Nililegeza," Mektrida alisema. "Nilikuonea huruma."

"Niliona." Zita akaliweka jani mezani. "Siku nyingine kaza. Mtoto asije akafikiri kuna mmoja wenu aliyekuwa hataki."

Mektrida alifuta kioo cha taa kwa upindo wa khanga, ingawa kilikuwa safi. Zamu ilizunguka nyumba zote za Mrereni, na ilipomrudia, alikaza.