Kilima Mgumba

Lukumani alipompa talaka Mwanaima, baada ya miaka kumi na mmoja bila mtoto, Mwanaima alirudi Narung'ombe kwenye shamba la marehemu mama yake, chini ya kilima cha Nandenga. Akalima ufuta, akanyamaza. Alidhani yamekwisha.

Mwaka wa hamsini, matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza yakiwa bado yananguruma Nachingwea, akaja Mzungu wa kuchora ramani ya vilima. Mkalimani wake alikuwa Lukumani. Mzungu yule alipenda mawe kuliko watu. Aliwaambia wapagazi kuwa vilima vile ni visiki tu: zamani mno palikuwa na safu ya milima mirefu, mvua na jua vikaila mpaka ikabaki miamba migumu, mmoja huku, mwingine kule, katikati ya tambarare. Akauliza jina la kile chenye upara.

"Mgumba," akajibu Lukumani.

Wapagazi wakaangua kicheko. Mzungu akaandika.

Kabla jua halijazama habari ilishafika kisimani. "Mwanaima, kumbe una kilima chako!" wakasema wenzake, na waliocheka zaidi ni wale aliowasaidia kujifungua.

Siku ya tatu alijifunga kaniki yake nzuri akaenda kambini. Mzungu alikuwa mezani na ramani, Lukumani amesimama kando.

"Mwambie kilima kinaitwa Nandenga," Mwanaima akasema. "Babu zetu wamezikwa pale. Jina lile ni tusi, umelitoa wewe kunikomoa mimi. Alifute."

Lukumani akasema maneno mengi ya Kiingereza. Mzungu akatabasamu, akainuka, akampa mkono, kisha akamjazia chumvi kwenye pindo la kaniki. Mwanaima akapiga goti kushukuru.

Hakuwa amefika mbali alipofuatwa na Kasmiri, mpishi wa kambi, aliyesoma misheni na kujua Kiingereza.

"Dada, usifurahi. Lukumani amemwambia Mzungu umekuja kutoa shukrani, eti ukoo wenu unaona fahari jina lenu kuandikwa."

"Basi twende ukamwambie kweli."

"Nina watoto watatu, dada." Kasmiri akageuka, akarudi jikoni kwake.

Mwanaima akaimwaga chumvi yote majanini. Kesho yake alfajiri akapanda Nandenga. Kileleni watu wa Mzungu walikuwa wamejenga nguzo ya mawe ya kupimia, wakaipaka chokaa. Akaibomoa jiwe moja moja, akiyaporomosha bondeni. Alijua watamkamata. Alichotaka ni Mzungu aulize sababu.

Na kweli Mzungu alipanda mwenyewe, uso mwekundu, akauliza. Mwanaima akaeleza yote. Lukumani akatafsiri kwa sentensi moja tu, akijigusa kichwani kwa kidole, ishara ya wazimu.

Hasira ikamwisha Mzungu. Akamtazama Mwanaima kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyevunjika mguu.

"Bwana ana moyo mwema," Lukumani akasema. "Hupelekwi polisi. Utarudisha mawe, basi."

Akayarudisha kwa siku mbili, kichwani, miguu mitupu juu ya mwamba uliochomwa na jua, Lukumani akimsimamia kutoka kivulini. Siku ya pili adhuhuri akaketi.

"Naomba maji."

Lukumani akafungua kibuyu. Akanywa taratibu mpaka akatosheka, akayamwaga yaliyobaki juu ya mwamba.

"Bado mawe matano," akasema.

Mwanaima akainuka, akashuka kuyafuata.