Mwaka Baba Alipoishiwa Maneno

Baba alisimama mbele ya kanisa, akafumba macho, akainua mikono yote miwili kama alivyofanya kila Jumapili tangu nipate akili, na sauti haikutoka.

Tulingoja. Mvua ya Novemba ilikuwa imepungua juu ya mabati, na matone yalisikika yakianguka moja moja kwenye ukingo wa paa. Mtu akakohoa. Mtoto akaanza kulia, akapewa ziwa. Nilifungua jicho moja, nikamwona baba: mdomo wazi, mikono ingali juu kama ya mtu aliyesimamishwa na askari barabarani. Kisha akaishusha, akarudi kwenye benchi la wazee wa kanisa, akaketi. Kiongozi wa kwaya alianzisha wimbo kabla ya wakati wake, haraka haraka, kama mtu anayemtupia kitenge mwanamke aliyeanguka vibaya sokoni.

Katika mtaa wetu wa Beni, baba yangu, Maliro Zorobabel, alikuwa mtu wa maombi. Kazi yake ilikuwa kulima, mihogo na kahawa kidogo upande wa Mavivi, lakini watu hawakumjia kwa ajili ya kahawa. Walimjia mwanamke akishindwa kujifungua, mtoto akipanda gari kwenda masomoni Butembo, duka likikataa kuuza. Aliomba kwa muda mrefu, kwa sauti iliyopanda na kushuka. Mama alizoea kumtania kwamba Mungu husikia hata chakula kikiwa bado cha moto.

Wote wawili walikuwa wakiitwa kwa jina la kaka yangu. Papa Esdras, Mama Esdras. Ndivyo ilivyo kwetu: mtoto wa kwanza akizaliwa, wazazi huazima jina lake. Kwa hiyo mwaka ule wa 2002, kila jirani aliyepita akisalimu, alitamka jina la mtu asiyekuwapo, na wazazi wangu waliitika.

Esdras aliondoka mwezi wa tisa na kinga yake, yaani baiskeli, imebebeshwa chumvi na sabuni. Alikuwa akielekea msituni, upande wa Mambasa, akauze na kurudi na mchele. Safari hiyo alikuwa ameifanya mara nyingi. Vita vilikuwapo, ndiyo, lakini tulivipima kama tunavyopima mvua, kwa kutazama ilipo: bado iko kule ng'ambo, bado mtu anaweza kuanika nguo. Alikuwa akisafiri na rafiki yake Abdias. Asubuhi ile aliniomba nimshikie kinga wakati anafunga kamba ya mwisho, akaniambia nikiiachia ianguke nitaramba chumvi yote na udongo wake. Nikacheka. Akaisukuma, akaenda.

Abdias alirudi peke yake mwezi uliofuata. Miguu yake ilikuwa imevimba, haina viatu. Aliketi uani kwetu, akakataa maji mpaka amalize kusema. Wanajeshi waliwakuta njiani, wakachukua mali, kisha wakachagua vijana wenye nguvu wa kubeba mizigo yao. Yeye alikimbia wakati wa kuvuka mto. Esdras alikuwa mbele zaidi, na mzigo kichwani.

"Alikuwa mzima?" mama aliuliza.

"Alikuwa anatembea, mama. Niliona mugongo wake tu."

Baba alifunga, akaomba siku tatu bila kutoka chumbani. Jumapili akasimama kanisani, macho yanang'aa, akasema Bwana amemwonyesha: kabla mwezi haujaisha, Esdras atakula nasi meza moja. Watu walipiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele. Mama alilia kwa furaha, na jioni akanunua kuku, akamfunga mguu kwenye nguzo ya jikoni, amngoje kijana wake.

Mwezi uliisha.

Ndipo ikaja ile Jumapili ya mikono mitupu. Tangu hapo baba hakuomba tena, si kanisani, si nyumbani. Mbele ya chakula alisema "Tule" tu. Aliamka, akaenda shambani, akarudi, akanawa miguu, akaketi. Watu wenye shida walipita mbele ya nyumba yetu wakaenda kwa mzee mwingine, na wakipita walipunguza sauti.

"Ukinyamaza weye, nani atamuombea mutoto?" mama alimwuliza siku moja, akipepeta unga.

"Niliomba, Mariette. Nilisema kwa jina lake mbele ya batu yote. Sasa niseme nini tena?"

Mama aliinamia ungo. Aliendelea kupepeta, na unga ukampaka mikono hadi viwiko.

Karibu na mwaka mpya msitu ulianza kumwaga watu. Walikuja kwa barabara ya Mangina, mistari mirefu isiyokatika, wengine na godoro kichwani, wengine na mbuzi, wengi hawana kitu. Walilala shuleni, makanisani, chini ya baraza za maduka. Waliyoyasimulia siyarudii hapa. Waliyasema kwa sauti ndogo, na wengine hawakuyasema. Mchungaji aliomba kila familia ipokee wageni. Mama alirudi na mwanamke mwenye mabega mapana, anayechechemea, na mjukuu wake mgongoni.

Alijiita Kyakimwa. Kwao hasa ni Kasugho, lakini aliolewa akiwa msichana akamfuata mumewe, Kasika, kulima msituni. Mjukuu aliitwa Christa, hajafika miaka mitatu. Nilitegemea mgeni mwenye huzuni na shukrani. Huyu alilalamika. Mkeka ulikuwa mwembamba. Sombe yetu, yaani kisamvu, haikupondwa vizuri. Siku ya pili alimnyang'anya mama mwiko akasema, "Mama Esdras, bugari inataka mukono ya mutu mwenye hasira," akausonga ugali mpaka sufuria ikazunguka juu ya mafiga. Mama alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu Abdias aketi pale uani.

Na asubuhi, kabla majogoo hayajamaliza, Kyakimwa aliongea na Mungu. Hakupiga magoti wala hakufumba macho. Aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, miguu imenyooka, akichua goti lake, na akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya ua.

"Mungu, ni miye, Kyakimwa. Nimeamuka. Mugongo inauma, unajua juu ya nini. Jana tulikula, aksanti. Christa alilala, aksanti. Lakini ile mambo ya Kasika na batoto yangu, pale hapana, siwezi kusema aksanti. Sijaelewa. Niko nangoja unielezee."

Kisha alinyamaza kidogo, kama anayempa mwenzake nafasi ya kujibu, halafu akainuka kuwasha moto.

Chumba cha baba kilipakana na jikoni. Alisikia kila neno. Mwanzoni aliondoka mapema kwenda shambani ili asisikie. Baadaye niligundua haondoki tena. Anaketi kitandani, jembe liko kati ya magoti yake, hadi mwanamke yule amalize. Asubuhi moja akatoka nje.

"Mama, juu ya nini unasema na Mungu vile? Kama unagombana na mutu wa soko."

"Niseme naye namna gani, Papa Esdras?"

"Na heshima."

Kyakimwa aliendelea kuchua goti. "Heshima iko. Kama simuheshimu, ningenyamaza."

Baba alisimama pale. Nilikuwa nikifagia uani, nikaacha kufagia.

"Bwana yangu iko kule chini ya miti," Kyakimwa akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Batoto yangu pia. Hata kaburi hapana. Ile maneno yote iko mu kifua. Unataka nimusemee nani? Basoda benye bunduki?"

Baba aligeuka, akalichukua jembe lake, akaenda. Siku hiyo alirudi bila kuni wala mboga. Sijui alifanya nini huko.

Mwezi wa pili surua iliingia kwa wakimbizi. Christa alianza na kikohozi, kisha macho mekundu, kisha vipele usoni na mwilini. Baba ndiye aliyembeba mgongoni, kwa kitenge cha mama, mwanamume mzima na mzee wa kanisa, watu wakimtazama, hadi kituo cha afya. Kulikuwa kumejaa. Watoto wawili kwa kitanda kimoja, wengine kwenye mikeka barazani. Muuguzi, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alimpima, akampa dawa aliyokuwa nayo, akasema tumechelewa, mapafu yameshashikwa.

Tuliketi kwenye benchi ukutani. Christa alikuwa mapajani mwa bibi yake, akipumua kwa mbavu. Nilimngoja Kyakimwa aseme na Mungu. Hakusema. Jua lilihama kutoka miguuni petu hadi kwenye ukuta wa pili, na midomo yake ilikuwa imekauka.

"Papa Esdras," akasema mwishoni, bila kugeuza kichwa. "Leo ni weye. Miye nimeisha."

"Miye pia sina maneno, Mama."

"Basi, sema ile tu."

Baba alitazama mikono yake. Udongo wa shamba ulikuwa bado kwenye kucha. Hakuiinua. Aliiacha pale pale juu ya magoti.

"Mungu," akasema. "Hatuna maneno."

Nilidhani amemaliza.

"Uko unaona huyu mutoto. Uko unaona bibi yake. Na Esdras, popote iko, uko unamuona, miye simuone. Nilikuambia ufanye nini, na siku ya kufanya. Leo sikuambie. Tuko mu mikono yako, na tuko tunaogopa."

Hakusema amina. Machozi yalimshuka hadi kwenye ndevu, na hakuyafuta. Kyakimwa alimsogezea mguu mmoja wa mtoto, na baba akaushika, akaushika hivyo hadi giza lilipoingia.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliamini kwamba maombi yale, ya kwanza baada ya miezi, hayangeweza kukataliwa. Christa alifariki kesho yake kabla ya mchana.

Tulimzika pembeni mwa shamba letu la Mavivi, kwenye udongo mwekundu. Ndege ilipita chini ikienda kutua, na kelele yake ikafunika alichosema mchungaji. Watu walipoondoka nilibaki na baba. Alianza kung'oa magugu kwenye mihogo, kama siku yoyote. Hasira ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanalia.

"Papa, ulimuomba Mungu na mutoto akakufa."

"Ndiyo."

"Na Esdras hapana kurudi."

"Ndiyo, Kavuo."

"Donc, sasa?"

Aliweka chini magugu aliyoshika. Alikuwa amekonda mwaka ule, shati lilimning'inia mabegani. "Kesho asubuhi nitasema naye tena," akasema. "Nitamuambia, binti yangu anakasirika."

Nilitegemea anigombeze. Nilikuwa tayari kugombezwa. Badala yake nilijikuta nimeketi chini kati ya mistari ya mihogo, nalia kwa sauti kama mtoto, namlilia Christa na kaka yangu pamoja, na baba aliketi kando yangu hadi nilipomaliza.

Na kweli alisema. Asubuhi zile walikuwa wawili pale jikoni, yeye kwenye kigoda, Kyakimwa kizingitini. Hawakuomba pamoja, walipokezana, na mara nyingine wote walinyamaza tu wakisikiliza moto. Baadaye mama alijiunga, akimenya mihogo. Baba hakurudia tena zile sala ndefu za kupanda na kushuka. Kanisani baadhi ya watu walisema nguvu zake zimeisha. Lakini wale wa shida walianza kupita tena kwetu, wachache wachache, hasa waliofiwa.

Mwezi wa saba tuliketi matanga ya Esdras. Hakukuwa na mwili, wala habari. Ilikuwa tu kwamba mama alisema hawezi tena kulala akisikiliza mlango. Kyakimwa alikaa naye kwenye mkeka siku zote, akimshikilia kwa mabega yale mapana, na alipomlilia Esdras, ambaye hakuwahi kumwona, alilia akitaja na majina ya watoto wake mwenyewe. Ulikuwa msiba wao pia. Baba alisimama mbele ya watu akasema, "Mungu, hatujui tuzike nani leo. Weye unajua." Akaketi.

Amani ilipotangazwa, ile ya kwanza, Kyakimwa alitaka kurudi msituni. Mama alimkatalia, wakagombana wiki nzima kama ndugu. Msimu wa kupanda mpunga ulipokaribia, mama akashindwa. Tulimsindikiza hadi kwenye gari la mizigo. Akapanda juu ya magunia, akalalamika kwamba magunia ni magumu, na gari likaondoka na sauti yake.

Siku hizi niko Butembo, nimeolewa huku, na watoto wangu wamejifunza kutofautisha milio ya bunduki kama mimi nilivyojifunza. Vita vimebadilisha majina mara nyingi. Baba alifariki kwa ugonjwa wa kifua, kitandani mwake, jambo ambalo kwetu ni baraka ya kutajwa. Nikimkumbuka, namkumbuka siku moja, mwaka mmoja baada ya Kyakimwa kuondoka, dereva anayebeba mafuta ya mawese aliposimamisha gari mbele ya nyumba yetu ya Beni na kuteremsha mfuko wa mchele.

"Unatoka kwa mama mumoja wa kule msituni," akasema. "Anachechemea. Anasema mazao ilikuwa mabaya, lakini mukule tu." Alikuna kichwa, akijaribu kukumbuka. "Na anauliza kama mungali munasema naye. Sikumuuliza ni nani."

Mama alikuwa tayari ameufungua mfuko, anaupitisha mchele kati ya vidole, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Baba alitazama barabara ya Mangina, iliyokuwa na vumbi na watu wa kawaida wanaotoka sokoni.

"Mwambie tungali," akasema.

Dereva alilirudia neno lile mara moja asilisahau, akapanda garini.