Kusindikizana Hekaluni

Aimable alikuwa na pete mfukoni na kikwazo kimoja tu: Shangazi Godelieve, shangazi yake Belyse. Tangu wapande treni mtaani kwao Vickery Meadow, shangazi alikuwa ameketi katikati yake na Belyse, begi mapajani, kama mlinzi wa mpaka. Kwao Burundi binti hatembezwi na kijana bila mtu wa ukoo, na kuhamia Texas, alisema, si kuhama ukoo.

Walikuwa wanakwenda Fort Worth kutazama bustani ya hekalu la Kijapani, jengo kuukuu ambalo mbao zake zilivushwa bahari, zikaunganishwa upya huku. Aimable aliichagua kwa sababu ya daraja jekundu. Hapo ndipo angepiga goti.

Lakini darajani walisimama watatu. Kwenye mawe ya kuvukia bwawa, watatu vilevile.

"Samaki wanono hivi," shangazi aliuliza, "hakuna anayewala?"

"Shangazi, please," Belyse alinong'ona.

"Nauliza tu. Aimable, toa mkono mfukoni, utaanguka."

Hakuutoa. Aliteleza, mguu mmoja ukazama hadi gotini, na mkono ukabaki palepale.

Jioni ikakaribia. Mzee Tanabe, mtunza hekalu, aliwapa chai, kisha akawasindikiza hadi langoni na kuinama. Aimable akakata tamaa kabisa.

Shangazi naye akainama. Mzee hakuondoka, kwani kwao mwenyeji husimama mpaka mgeni apotee machoni. Shangazi hakuondoka pia. Kwao mzee aliyekusindikiza humwachi arudi peke yake.

"Twende nikurudishe, baba," akasema kwa Kiswahili, akamshika kiwiko.

Wakaenda polepole hadi mlango wa hekalu. Huko mzee akainama, akamsindikiza tena langoni. Shangazi akamrudisha tena.

"Wataacha saa ngapi?" Belyse aliuliza, akicheka mpaka machozi.

"Kwetu bibi yangu na jirani yake walisindikizana hivi hadi wakakutwa na mvua," Aimable alijibu. Kisha akagutuka. Daraja lilikuwa tupu!

Akamshika mkono, wakakimbia. Goti lililolowa likagusa mbao. Hotuba aliyoifanyia mazoezi wiki nzima ikamtoroka.

"Belyse, mimi bado nina zamu za usiku ghalani, na chumba tunaishi watatu, lakini moyo wangu..."

"Aimable, kiatu chako kinatoa maji."

"Najua."

"Ndiyo."

"Ndiyo, kinatoa maji?"

"Ndiyo, nitaolewa nawe, mjinga wewe. Inuka kabla hajarudi!"

Walipofika langoni, shangazi alikuwa anajipepea kwa kitambaa, Mzee Tanabe pembeni yake akihema.

"Amekubali?" shangazi aliuliza.

Aimable akabaki mdomo wazi. "Ulijua?"

"Kijana anatumbukia majini na mkono hautoki mfukoni. Ulidhani nadhani umeficha karanga?" Akautazama mkono wa Belyse, macho yakamlegea kidogo, kisha akajikaza. "Pete ni mambo yenu. Wazazi wako waje kwetu DeSoto kuongea na kaka yangu, na wasije mikono mitupu."

"Watakuja, Shangazi."

"Haya, twende nyumbani. Maskini mzee wa watu, nimemchosha kwa ajili yenu."

Akageuka kumuaga. Mzee Tanabe alikuwa ameshainama, na kiwiko amekitoa tayari.