Magome Niliyoyaosha

Mama mwenye mtoto anayeitazama sana barabara ya machimboni, soma haya.

Hapa Ushetu tunatengeneza mizinga ya nyuki kwa magome. Mabaki yake tulikuwa tunachochelea moto tu, mpaka alipokuja Bwana Herman, mtaalamu wa misitu, na kasha lake la taa. Alisema magome yakilowekwa hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Yeye hupitisha mwanga kwenye yale maji. Dawa ikiwa nyingi, mwanga humezwa, na mshale wa kasha hupanda. Ukipanda, kiwanda cha ngozi kitanunua mabaki yetu.

Mwanangu Telesphori alikuwa ameshafunga mfuko wa kwenda Geita kuchimba dhahabu. Aliposikia hayo akaufungua.

"Mayu, kama yananunuliwa, siendi."

Nilimshukuru Mungu. Kaka yangu Alois alifukiwa na shimo kule, hata hatukumzika.

Basi, kwa kuwa kesho yake ndiyo siku ya kupima, nikayaangalia yale magome: vumbi, utando wa buibui, mavi ya kuku. Mgeni apewe hivi? Nikayatia kwenye pipa, nikayasugua mpaka maji yakawa kama chai ya rangi. Nikamwaga uani, nikarudia, nikayaanika.

Bwana Herman akaloweka, akawasha taa. Mshale kimya.

"Mama Telesphori, mwanga wote umepita. Humu hamna kitu."

"Kumbe tulikuwa na kuni tu!" akasema jirani yangu Zipora. Watu wakacheka.

Nikapandwa na hasira. "Kasha lako ndilo bovu! Umefuata asali yetu, sema!"

Telesphori akaingia ndani.

Bwana Herman alikuwa anatazama viatu vyake, vimeshika tope jekundu pale uani nilipomwaga maji.

"Mama, uliyaosha?"

"Sasa nikupe uchafu, baba?"

Akaokota kipande cha gome jikoni kwangu, na majivu yake, akakiloweka. Tukangoja, mimi sijui niweke wapi mikono. Mshale ukapanda mpaka ukagota.

"Telesphori!" nikaita. "Telesphori, njoo uone!"

Safari hii Zipora hakucheka. "Lori la tumbaku limepita sasa hivi, dada. Amedandia na mfuko wake."

Siku hizi magunia ya mabaki yamejaa nyuma ya nyumba, machafu vilevile. Wanunuzi wakija huniuliza, "Kijana wa kupakia yuko wapi?" Nami huinama, nikabeba mwenyewe.