Moyo wa Bibi Kahonzi

Asubuhi ya somo la moyo, Kadii alililaza sanamu la mazoezi juu ya meza ya kituo cha ambulensi, akabandika waya: nyekundu bega la kulia, njano la kushoto, kijani chini ya mbavu. Sanamu halina moyo, lina sponji tu. Kwenye mashine, moyo ukaanza kupiga.

"Basi leo sichori ubaoni," Mwalimu Mwenda akawaambia wanafunzi, akavuta kiti.

Kadii aliutambua moyo huo. Ulikuwa wa bibi yake, Kahonzi wa Marafa, aliyemlea. Utotoni alikuwa akilala kifuani pake, na moyo ule ulikuwa na mtindo wa kuruka pigo moja kisha kuharakisha mawili.

"Mwalimu, huyu ni bibi yangu. Tulimzika mwezi uliopita."

"Pole sana, Kadii. Haya, tazameni."

Moyo ulikwenda mbio, kisha mistari ikavurugika. "Hapa unatetemeka tu, hausukumi damu," akasema Mwalimu. "Akipigwa mshtuko wa umeme sasa hivi, huenda akarudi." Mstari ukalala. Baadaye moyo ukaanza upya, toka mwanzo.

Nyumbani walisema siku yake ilikuwa imefika. Siku yake, ebo! Siku hiyo walipiga simu kituoni tangu asubuhi, na ambulensi ilikuwa imebeba viti vya harusi ya mwanawe Bwana Nyale, mkuu wa kituo. Hata hiyo mashine ya moyo iliteremshwa ili viti vienee. Ambulensi ilifika Marafa siku ya matanga, imeleta viti vya waombolezaji, na Kadii alipiga makofi ya shukrani pamoja na wengine. Sasa mikono ile ilimuuma kwa hasira.

Siku ya mtihani Bwana Nyale alikuja kutazama. Kadii alingoja mistari ivurugike. "Sogeeni, msimguse!" Akabonyeza kitufe cha mshtuko. Moyo wa bibi ukarudi, ukaruka pigo, ukaharakisha mawili, ukaendelea.

"Hongera, binti."

"Mzee, huyu ni bibi yangu. Alikufa ambulensi imebeba viti vyako."

Bwana Nyale aliinamia mashine. "Ndiye kweli. Poleni. Lakini si tuliwaletea viti?"

Simu ikalia. Huko Kakuyuni, Mzee Ziro alikuwa ameanguka shambani, ameshika kifua. Kadii alichomoa waya, akabeba mashine mbio hadi uani. Uani palikuwa na alama za magurudumu ya ambulensi tu.

"Imepeleka viti Mnarani," akasema mlinzi.

Akapanda bodaboda, mashine mapajani. Moyo wa bibi ulipiga njia nzima bila waya, na dereva akasema una nguvu. Walipofika, Mzee Ziro alikuwa ameshafunikwa leso gubigubi.

Ambulensi ilifika Kakuyuni Jumamosi, siku ya matanga, imejaa viti. Familia ikamshukuru Bwana Nyale kwenye kipaza sauti, watu wakapiga makofi. Kadii alisimama, mikono imekumbatia mashine, moyo wa bibi ungali ukipiga. Hakuna aliyeuliza moyo ule ni wa nani.